Kinanda cha Mianzi cha Las Piñas

Tunapofundisha habari za maneno yaliyopanua maana yake, mara nyingi huwapa wanafunzi wetu mfano wa neno kinanda. Hapo kale, huko pwani, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, kilichopakatwa na mwimbaji katika karamu na harusi. Wamisionari walipoleta makanisani chombo kingine kabisa, kisicho na nyuzi hata moja bali kinacholia kwa upepo, wasemaji wa Kiswahili hawakwenda mbali kukitafutia jina. Walikiita kinanda vilevile. Baadaye hata mashine ya kuchezea santuri ikaitwa kinanda. Jina la nyumbani likavishwa mgeni, na mgeni akazoeleka hata leo mtoto wa kwaya hajui kwamba aliwahi kuwa mgeni.

Lakini kuzoea jina ni jambo moja, na kukimiliki kitu chenyewe ni jambo jingine. Ni nini hasa kinachokifanya kitu kilichotoka mbali kiwe cha watu waliokipokea? Je, ni kukinunua? Ni kukitumia? Au ni jambo lingine zaidi ya hayo? Ili kulijibu swali hili tumeona yafaa tuwaletee wasomaji historia ya kinanda kimoja cha kanisa la parokia, kilichoko mbali sana na sisi, katika visiwa vya Ufilipino. Ni kinanda cha kanisa la Mtakatifu Yosefu katika mji wa Las Piñas, kusini kidogo ya Manila. Umbali usimkatishe msomaji tamaa. Mapadre wa shirika la Scheut, walioingia Kongo yetu mwaka 1888, ndio haohao waliokuja kukilea kinanda hicho katika karne ya 20. Na mmea uliokifanya kijulikane duniani ni mwanzi, ambao sisi wa Kivu tunauona katika miteremko ya Kahuzi tangu utoto wetu.

Kwanza hatuna budi kueleza jinsi kinanda cha namna hii kinavyofanya kazi, maana wengi wetu tumeona kile kidogo tu cha kukanyaga kwa miguu. Kinanda kikubwa ni mkusanyiko wa filimbi nyingi zilizosimamishwa juu ya sanduku lililojaa upepo. Upepo huo hutoka katika mivukuto, ambayo kwa asili ni ndugu wa mivukuto ya mhunzi, ila ni mikubwa zaidi. Mpigaji agusapo kibao kwa kidole chake, kilango kidogo hufunguka chini ya filimbi, upepo hupanda, na filimbi hulia. Filimbi ndefu hutoa sauti nzito, filimbi fupi hutoa sauti nyembamba. Filimbi hupangwa kwa safu, na kila safu ina tabia yake ya sauti: moja huwa laini, nyingine kali, nyingine hulia kama zumari. Mpigaji huvuta vishikio vya mti vilivyo karibu naye ili kuchagua ni safu ipi iseme na ipi inyamaze. Hivyo mtu mmoja, akiketi mahali pamoja, aweza kuongoza sauti za watu wengi.

Wengi hudhani kwamba chombo hiki kilizaliwa Ulaya. Sivyo. Fundi wa kwanza anayetajwa na historia ni Ktesibios, aliyeishi Alexandria katika nchi ya Misri, karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Kristo. Yeye alitumia uzito wa maji kuubana upepo ili uingie katika filimbi kwa nguvu isiyobadilika. Kutoka ardhi hiyo ya Afrika kinanda kilienea katika dola ya Warumi, kikadumu katika majumba ya wafalme wa Bizanti, na mwaka 757 mfalme wao, Constantine wa Tano, alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafranki, kinanda kama zawadi. Karne nyingi zilipita ndipo kikawa chombo cha kanisa. Kwa hiyo hata Wazungu wenyewe walikipokea kutoka kwa wengine, wakakitengeneza kwa miti na madini ya kwao hata kikawa chao. Jambo hili tulishike, kwa kuwa tutalirudia.

Mwaka 1792 alifika Manila mtawa Mhispania aliyeitwa Diego Cera, wa shirika la Waagustino Warekoleti. Alizaliwa mwaka 1762 katika mji mdogo wa Graus, kaskazini mwa Hispania. Wakati huo Ufilipino ilikuwa koloni la Hispania, na Las Piñas kilikuwa kijiji cha wavuvi, wakulima na watu wa kuvuna chumvi kando ya ghuba ya Manila. Mwaka 1795 Padre Diego alipewa parokia hiyo, naye akakaa huko karibu maisha yake yote yaliyobaki. Alikuwa mtu wa mikono. Pamoja na waumini wake alijenga kanisa la mawe, nalo kanisa hilo lingalipo. Na kwa kuwa alikuwa pia fundi wa vinanda, haikutosha kwake kuwa na kanisa lisilo na sauti.

Hapo ndipo ilipomjia shida. Kinanda cha desturi ya Hispania kilidai filimbi za madini, yaani mchanganyiko wa risasi na bati, pamoja na filimbi chache za mbao. Madini hayo yalikuwa ya kuagizwa, tena kwa fedha nyingi, na parokia ya wavuvi haikuwa na fedha za namna hiyo. Angeweza kungoja mfadhili. Angeweza kuliacha kanisa lake liimbe bila chombo. Yeye alitazama pande zote za kijiji, akaona mmea ambao wenyeji walijengea nyumba zao, wakasukia vikapu, wakatengenezea mitego ya samaki na kuchotea maji. Mmea huo ulikuwa mwanzi. Mwanzi una uwazi ndani yake tangu ulipoota, na kipande kilicho kati ya fundo na fundo ni nusu ya filimbi tayari. Wachungaji wa pande nyingi za dunia wamelijua jambo hilo tangu zamani. Kiswahili nacho chalijua, ndiyo maana matundu ya pua zetu twayaita mianzi ya pua, kwa kuwa ni mahali pa kupita pumzi.

Hata hivyo mwanzi una adui, naye ni mdudu. Ndani ya ukuta wake mna wanga, na wanga huo huwavuta bungua, wale wadudu wadogo watobozi ambao huigeuza mbao na mianzi kuwa unga. Filimbi yenye tundu moja tu lisilotakiwa haina kazi tena, kwa maana upepo hutoroka. Kwa sababu hiyo mwaka 1816 Padre Diego aliifanya kazi ambayo bila shaka iliwashangaza wengi. Mianzi ilikatwa, kisha ikafukiwa katika mchanga wa ufukoni, ikaachwa humo kwa muda mrefu. Maji ya chumvi na mchanga yaliiondolea mianzi ule utamu uwapendezao wadudu. Ilipofukuliwa, ile iliyokuwa dhaifu ilikuwa imekwisha kuliwa au kuoza, na ile iliyobaki nzima ndiyo iliyostahili kutumika. Yaani mchanga ulikuwa dawa, na papo hapo ulikuwa mtihani.

Hatudhani kwamba hekima hii yote aliichukua Hispania. Kuiloweka au kuifukia mianzi ili isiliwe na wadudu ni desturi ya kale katika nchi nyingi za Asia zenye mianzi, na wajenzi wa huko huijua vizuri. Elimu ya kupanga sauti, kupima urefu wa filimbi na kugawanya upepo ilikuwa ya mgeni. Elimu ya mwanzi, wakati wa kuukata na namna ya kuutunza, ilikuwa ya nchi. Kinanda cha Las Piñas kilizaliwa pale elimu hizo mbili zilipokubali kukaa katika karakana moja.

Kazi iliendelea mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa fundi huyu alikuwa pia paroko mwenye ubatizo, ndoa na maziko ya kila siku. Mwaka 1821 kinanda kilikuwa kimekamilika, isipokuwa sehemu ya tarumbeta. Vinanda vya Hispania vina desturi ya kuwa na tarumbeta zinazotokeza mbele zikiwa zimelala, kama mizinga ya ngome, na sauti yake ni kali mno. Padre Diego hakuweza kuupata ukali huo katika mwanzi. Hakujidanganya wala hakuwadanganya waumini wake. Tarumbeta alizitengeneza kwa madini, na mwaka 1824 kazi ikatimia. Alianza akiwa na umri wa miaka 54, na alipomaliza alikuwa amekaribia miaka 62.

Hesabu ya filimbi zote ni 1031. Kati ya hizo, 902 ni za mwanzi na 129 ni za madini. Maana yake ni kwamba katika kila filimbi nane, karibu saba zimetoka katika vichaka vya Ufilipino. Wanaokisikia huisifu sauti yake kwa ulaini na joto, nayo mianzi huufanya ukali wa tarumbeta usikike zaidi unapofika. Kimo pia kifaa cha kuwachekesha watoto, ambacho Wahispania hukiita pajaritos, yaani ndege wadogo: vifilimbi vinavyopuliziwa ndani ya maji na kutoa mlio kama wa ndege waliaao alfajiri.

Padre Diego alifariki mwaka 1832. Tangu hapo kinanda kilibaki mikononi mwa watu ambao hawakukijenga, na hapo ndipo mtihani wa kweli ulipoanza. Ufilipino ni nchi ya matetemeko na tufani. Mwezi Julai 1880 kisiwa cha Luzon kilitikiswa vibaya, na kanisa la Las Piñas liliumia. Mwaka 1882 ikaja tufani kubwa. Paa likiharibika, mvua haina adabu ya kukiepuka kinanda. Nao upepo na maji vilifanya kazi ambayo bungua walishindwa kuifanya. Filimbi zikaondolewa, zikawekwa ndani. Kwa muda wa miaka mingi chombo hicho kilichowagharimu wazee wa kijiji miaka minane hakikuweza kupigwa.

Tunawaomba wasomaji wasimame kidogo hapa. Kinanda kisicholia ni nini? Kwa mtu mwenye haraka ni rundo la mianzi mikavu. Ni kuni nzuri. Ni vipande vya kuezekea banda la kuku au kushikilia nyavu za mvuvi. Katika kijiji kisicho na utajiri, rundo kama hilo huwa kishawishi kila siku. Miaka hiyo nayo ilikuwa miaka ya misukosuko: utawala wa Wahispania ulianguka mwaka 1898, Wamarekani wakaingia, kukawa na vita na njaa. Hata hivyo mianzi ya Padre Diego haikuishia jikoni. Walikuwapo watu, ambao majina yao hayakuandikwa popote, walioziangalia zile filimbi bubu wakasema, hizi tusiziguse. Kwa maoni yetu watu hao ni wajenzi wa kinanda hicho sawasawa na yule Mhispania.

Mapadre wa Scheut, shirika lililoanzishwa mwaka 1862 karibu na Brussels katika Ubelgiji, walifika Ufilipino mwaka 1907, na baada ya muda mfupi walikabidhiwa Las Piñas. Mmoja wao, Padre Victor Faniel, alijitahidi kukirudisha kinanda katika kazi yake, nacho kikaanza kusikika tena, ingawa si kwa ukamilifu. Sifa zake zikaenea, wageni wakaanza kuja kukitazama. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, wakati Ufilipino ilipokuwa chini ya jeshi la Kijapani, Mjapani mmoja wa ukoo mkubwa, Yorisada Tokugawa, ambaye alikuwa mpenzi na mtaalamu wa muziki, alisaidia matengenezo mengine, naye Askofu Mkuu wa Manila, Michael O'Doherty, alishiriki. Ni ajabu kuona kwamba katikati ya vita vikali hivyo, walikuwapo watu waliokumbuka kuziba nyufa za filimbi.

Lakini viraka ni viraka. Baada ya miaka mia na hamsini, chombo kilikuwa kimechoka. Filimbi kadhaa hazikulia, nyingine zililia bila kupatana na wenzake, na upepo ulivuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 parokia ililazimika kuchagua. Iwapo kingeachwa, kingekufa polepole mbele ya macho yao. Iwapo kingetengenezwa na mafundi wasiokijua, kingekufa upesi zaidi. Fundi mwenye ujuzi wa kutosha hakuwapo Ufilipino wakati huo. Basi uamuzi ukakatwa, tena uamuzi mzito: kinanda kifunguliwe kipande kwa kipande, kitiwe katika masanduku, kivushwe bahari hadi Bonn, nchini Ujerumani, katika karakana ya Johannes Klais, nyumba ya mafundi wa vinanda iliyoanza kazi mwaka 1882, mwaka uleule wa ile tufani.

Mwaka 1973 masanduku yaliondoka. Si vigumu kuwaza walivyohisi waumini waliobaki na ukuta mtupu. Sisi wa nchi zilizotawaliwa tunajua vitu vingapi vilivyosafirishwa Ulaya kwa kisingizio cha kuvihifadhi, ambavyo mpaka leo vimekaa nyuma ya vioo huko huko. Na hata kama wenye kukipokea walikuwa watu waaminifu, bado kulikuwa na hatari ya hali ya hewa. Mwanzi uliozoea joto na unyevu wa ghuba ya Manila kwa miaka 150, ukiingizwa katika nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi, hukauka ghafla, na ukikauka ghafla hupasuka. Mafundi wa Bonn, chini ya uongozi wa Hans Gerd Klais, walilijua hilo. Walitayarisha chumba maalumu ambamo joto na unyevu vilifanywa kuwa kama vya Ufilipino, na humo ndimo walimofanyia kazi. Nchi ilimfuata mgonjwa hospitalini.

Tunaupenda sana mfano wa chumba kile. Fundi aliyebobea hakusema, kinanda hiki kimekuja kwetu, na kikubali hewa yetu. Alikubali kwamba chombo kina kwao, na kwamba kukiponya kulikuwa ni kukiletea kwao pale kilipolala. Mwalimu wa lugha anayepokea mtoto wa lugha nyingine darasani, na mfasiri anayeshika kitabu cha watu wengine, wangefanya vema kujifunza adabu hiyo.

Mwezi Machi 1975 kinanda kilirudi. Watu wa Las Piñas walikipokea kwa shangwe, kama apokelewavyo mtu aliyetoka safari ndefu. Kanisa nalo lilikuwa limetengenezwa wakati kinanda kiko ugenini, likarudishiwa sura yake ya kale chini ya usimamizi wa wasanifu wa majengo wa Kifilipino, akiwamo Francisco Mañosa, mtu aliyejulikana kwa kupenda kujenga kwa vifaa vya nchi yake. Tarehe 9 Mei 1975 likafanyika onyesho la kwanza la muziki, na mpigaji alikuwa Wolfgang Oehms, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Trier. Tangu mwaka uliofuata Las Piñas imekuwa na tamasha la kila mwaka la kinanda chake, na wapigaji kutoka mabara mbalimbali huenda huko, wakijifunza kupatana na chombo ambacho hakina pacha.

Kama historia ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya wageni wema waliomsaidia maskini, nasi tusingeona sababu ya kuwaandikia walimu. Jambo kubwa zaidi lilitokea baadaye, tena kimyakimya. Mwaka 1969, kabla kinanda hakijasafiri, parokia ilikuwa imeanzisha kwaya ya wavulana. Watoto hao walikulia chini ya zile filimbi. Baadhi yao hawakuridhika na kuimba tu, wakataka kujua. Armando Salarza, mtoto wa Las Piñas aliyepitia kwaya hiyo, alikwenda kusoma upigaji wa kinanda huko Austria, kisha akarudi nyumbani kuwa mpiga kinanda wa kanisa lilelile na mwalimu wa wengine. Vijana wengine walikwenda Ulaya kujifunza, si kupiga, bali kujenga na kutengeneza. Mwaka 1994 ikafunguliwa Las Piñas karakana ya mafundi wa vinanda, nayo ikapewa jina la Diego Cera.

Matunda yake yalionekana baada ya miaka michache. Kinanda kilipohitaji matengenezo tena, katika miaka ya 2003 na 2004, hakuna sanduku lililopandishwa melini. Mafundi walikuwa hapohapo, Wafilipino, wenye ujuzi wa Bonn na wa Austria katika vidole vyao na hewa ya Manila katika mapafu yao. Mwezi Novemba 2003 makumbusho ya taifa ya Ufilipino ilikitangaza kinanda hicho kuwa hazina ya utamaduni wa taifa. Mafundi haohao wamekwenda pia kuviinua vinanda vingine vya kale vya nchi yao, vilivyokuwa vimenyamaza katika makanisa ya visiwani. Mwaka 2024 kilitimiza miaka 200, na sehemu kubwa ya mianzi iliyofukuliwa mchangani na Padre Diego ingali inalia.

Sasa turudi kwetu. Tulipokuwa wanafunzi wa ualimu, katika parokia moja ambayo hatuna haja ya kuitaja, kulikuwa na kinanda kidogo cha kukanyaga, zawadi ya wamisionari wa zamani. Mzee mmoja alikipiga vizuri mno, hata watu wa madhehebu mengine walisimama barabarani Jumapili kumsikiliza. Siku moja ngozi ya mvukuto ilipasuka. Ufa wenyewe haukuzidi kiganja cha mkono. Kamati iliketi, ikaamua kuandika barua Ulaya kuomba msaada, na barua ikaandikwa kwa maneno mazuri. Jibu lilichelewa. Panya walifika kabla ya jibu. Baada ya miaka miwili mbao za kinanda zilikuwa zimegeuzwa kabati la kuwekea vitabu vya nyimbo, na yule mzee alikuwa akiketi nyuma ya kanisa, mikono yake juu ya magoti. Umbali wa nyumba tatu kutoka kanisani alikaa fundi viatu, ambaye kila siku ya Mungu alishona ngozi na kuigundisha. Hakuna aliyemwita. Nasi, tuliokuwa vijana wasomi wa parokia, hatukumwita pia, kwa kuwa halikutuingia akilini wazo kwamba kitu cha Ulaya chaweza kuponywa na mtu wa mtaani kwetu.

Tumelikumbuka kosa hilo miaka mingi. Kinanda kile kilikuwa kimezoeleka, kilikuwa na jina la Kiswahili, kilitumika kila Jumapili, na bado hakikuwa chetu, kwa kuwa siku kilipougua hatukuthubutu kukifungua. Hapo ndipo tunapoona jibu la swali tulilouliza mwanzoni. Kitu cha kigeni hakiwi chetu kwa kununuliwa, wala kwa kutumiwa, wala hata kwa kupewa jina. Kinakuwa chetu siku tunapoweza kukitengeneza kikiharibika, na ikibidi kukiunda upya kwa vitu vinavyoota karibu nasi. Padre Diego alileta kinanda Las Piñas mwaka 1824, lakini kinanda kilikuwa cha Las Piñas kikamilifu pale watoto wa kwaya walipokuwa mafundi.

Na lugha je? Sisi walimu wa Kiswahili katika nchi hizi za jirani huambiwa mara kwa mara kwamba lugha hii kwetu ni mgeni aliyekuja kwa njia ya misafara, misheni na kambi za askari. Hatuna haja ya kulikana hilo. Kinanda nacho kilikuja kwa jahazi la wakoloni. La maana ni kuuliza kama darasani mwetu tunafundisha watoto kuipiga lugha tu, yaani kurudia sentensi zilizotungwa mahali pengine, au tunawafundisha pia kuifungua, kuona vilango na mivukuto yake, kuunda neno jipya kwa mizizi iliyopo, kusahihisha palipopasuka. Mwanafunzi anayejua kwamba mvukuto umetokana na kuvukuta, na kwamba akihitaji jina la chombo kipya aweza kuliunda kwa njia hiyohiyo badala ya kungoja liletwe, huyo ameingia karakanani.

Kwa kumaliza, tuna ombi kwa walimu wenzetu. Katika sakristia na ghala za parokia zetu, na katika nyumba za wazee wetu, vimo vyombo vya muziki visivyolia tena. Tusiviite takataka kabla hatujawauliza waliokuwa wakivipiga. Twende na wanafunzi wetu, tuandike majina ya sehemu za vyombo hivyo jinsi wazee wanavyoyataja, tuandike pia majina ya kazi zilizofanywa kuvitunza, kisha tumtafute fundi wa ngozi au seremala wa jirani tumwonyeshe. Yumkini vingine vimekwisha kufa. Lakini hata watu wa Las Piñas, walipozitazama zile filimbi zao kimya, hawakujua kama zingelia tena. Walijizuia kuzitia motoni, na kwa kujizuia huko wajukuu zao wakapata kitu cha kutengeneza.